Uso wa Saa Niliouandika Upya

Chapwa, Tunduma
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Kabla ya salamu nakuomba jambo moja. Kama mama amekaa karibu nawe, ikunje barua hii uiweke mfukoni, umwambie ni karatasi ya oda ya betri, kisha uisome ukiwa peke yako. Ukimaliza, ichome. Neno lisitoke, si kwa mama, si kwa mchungaji, si kwa baba mkubwa hata akikuona huna raha akakuuliza. Ningekupigia simu, lakini simu ya nyumbani mama huiweka sauti ya juu mpaka jirani anaitikia salamu, na hii ninayotumia mimi ni ya ofisi.

Shikamoo baba. Kifua kinaendeleaje? Meza yako ya ufundi saa umeihamisha kutoka kwenye vumbi la stendi kama ulivyosema, au bado unabishana na mwenye duka? Mama nilimsikia juzi akikohoa, akasema ni moshi tu. Mchunguze, maana kwake kila kitu ni moshi tu. Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili.

Habari za huku ni zile zile za foleni. Malori yamejipanga kuanzia mpakani, madereva wanapika ugali chini ya matela, na asubuhi kuna baridi ya kukata vidole. Chumba changu kina dirisha moja, na simu ikikaa hapo inakamata mtandao wa Zambia na kunikaribisha nchini kwao kila siku, wakati sijawahi kuvuka. Kazi yangu unaijua: kuandaa hati za mizigo, nani katuma nini, kina uzito gani, kinakwenda wapi. Tarakimu moja ikikosewa lori linaweza kulala hapa siku tatu, kwa hiyo nimejizoeza kusoma kila karatasi mara mbili kabla sijagonga muhuri. Baba, mimi si mtu wa kukurupuka. Nakuomba ulikumbuke hilo utakapofika mbele.

Sijawahi kukueleza vizuri kuhusu mwajiri wangu, Mzee Silwimba. Ni Mnyiha wa Mbozi, kwao wana kahawa kule Isansa, na yeye ndiye mwenye ofisi hii ya uwakala wa forodha. Mkononi huvaa saa ya plastiki ya sokoni. Lakini nyuma ya meza yake kuna kabati la chuma, na ndani yake kuna saa kumi na moja ambazo hata wewe ungezishika kwa kitambaa. Zote ni za aina ile yenye vitufe viwili ubavuni na visahani vidogo usoni, za kupimia sekunde. Ukibonyeza cha juu, mshale mwembamba unaondoka. Ukibonyeza tena, unasimama. Cha chini kinaurudisha ulipotoka. Wewe ulipata kuwa nayo moja tu mezani, ya yule mwalimu wa michezo, ukanikataza kuigusa wiki nzima.

Nyingi zimetoka Zambia. Zilikuwa za mainjinia wa migodi ya shaba. Wenyewe wamekufa au walirudi kwao, na wajukuu wanazitoa kwenye madroo. Kuna mzee mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, huzileta zimefungwa ndani ya soksi. Anasalimia kwa Kibemba, "Mulishani," halafu anaiweka soksi mezani bila neno jingine, na Mzee Silwimba anaacha simu, anaacha chai, anaacha hata mteja.

Mwanzoni nilidhani ni biashara, kumbe haziuzi. Siku moja aliniita.

"Elia, njoo usikie." Akaniwekea saa moja sikioni, akabonyeza kitufe. "Umesikia?"

"Nimesikia, mzee. Imeanza."

"Sikuulizi kama imeanza. Umesikia ilivyoanza? Kama mtu anavunja bua kavu. Hizi za leo haziwezi."

"Lakini mzee, mbona huzivai?"

"Nizivae niende nazo wapi, kwenye foleni ya malori?" Akacheka. "Kijana, hii ilikuwa inahesabu sekunde za baruti shimoni. Mwenye nayo akikosea, watu wanafukiwa. Sasa iko kwangu, imestaafu. Mimi napenda kitu kilichowahi kuwa na kazi nzito."

Anao wenzake wa Lusaka, wa Nairobi, hata wa Ulaya, wanatumiana picha kwenye simu. Ni watu wazima, baba, wanaobishana siku mbili kuhusu mkia wa tarakimu tisa. Alipojua mimi ni mtoto wa fundi saa, alinipa heshima ambayo hajawahi kumpa karani: nikawa ninazijaza zile zisizotumia betri, kila asubuhi, nikizungusha kichwa taratibu kama ulivyonifundisha, mpaka mkono uhisi kwamba inatosha. Alinieleza sauti za saa zake na vyuma vyake. Habari ya rangi hakunieleza, na mimi sikuuliza.

Mwezi uliopita alikwenda Dar kutibiwa macho. Aliniachia ufunguo wa kabati akasema, "Zijaze, uzitunze." Siku ya tatu ile saa ya baruti, anayoipenda kuliko zote, ikasimama.

Ningeweza kuiacha. Lakini nilikuwa na ule ufunguo wa vifuniko ulionipa nilipoondoka nyumbani, na nilijua tatizo ni mafuta kukauka. Niliifungua mezani kwangu wakati wa chakula cha mchana. Mama Sekela, anayefanya usafi ofisini na ambaye ndiye aliyenilisha mwezi wangu wa kwanza huku kabla sijapata mshahara, alinikuta nimeinama.

"Hee, karani! Leo umekuwa daktari wa upasuaji?"

"Mgonjwa alizimia, mama."

"Atapona?"

"Atapona."

"Basi usimsahaulie mkasi tumboni." Akaniwekea maparachichi mawili pembeni ya hati, akaenda zake na ndoo yake.

Nikaisafisha, nikatia mafuta, ikatembea. Ungeisikia, baba. Laiti ningefunga kifuniko hapo hapo. Lakini niliutazama uso wake. Ulikuwa mweusi zamani, sasa umepauka umekuwa kahawia kama buni zilizokaangwa kidogo, na rangi ya mishale ilikuwa njano kama samli iliyochacha. Nikaona aibu. Mzee alikuwa anatarajia mgeni, mmoja wa wale wa kwenye simu. Nikajiuliza, atamwonyesha uso huu? Wewe hukuwahi kumrudishia mteja saa inayotembea huku imechakaa. Ulisema mteja haoni mashine, anaona uso.

Nikaichukua nikaja nayo chumbani Jumamosi. Nikaukwangua ule ukahawia wote. Nikapaka nyeusi, tabaka tatu, nikisubiri kila moja ikauke. Kisha nikaandika tarakimu upya kwa rangi nyeupe, kwa brashi ya nyuzi mbili, kwa mkono wako ulio ndani ya mkono wangu. Mishale nikaipaka rangi ile inayong'aa gizani. Kioo nikakisugua kwa dawa ya meno hadi mikwaruzo ikaisha. Na ndani ya kifuniko, chini ya alama za mafundi waliotangulia, nikakwaruza alama yako, herufi zako mbili na mwezi wa matengenezo, kama tunavyofanya siku zote ili fundi ajaye ajue nani alipita. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nilitamani uione.

Mzee alirudi Alhamisi. Aliingia akicheka, akamtania Mama Sekela kwamba sasa anaona hadi vumbi alilokuwa akilificha. Akafungua kabati. Mimi nilisimama karibu nikisubiri sifa.

"Elia, ile ya baruti iko wapi?"

"Ni hiyo, mzee, ya pili kutoka kushoto."

Akaichukua, akaimulika kwa tochi ya simu. Akaigeuza.

"Hii ni takataka ya dukani," akasema. "Yangu ilikuwa kahawia. Jua la nje na joto la shimoni viliupika ule uso miaka na miaka mpaka ukawa vile. Nyeusi zimejaa dunia nzima. Ya kahawia kama ile, wenzangu wote wanaijua moja tu, na ilikuwa hapa." Akakaa kitini kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. "Wameibeba yangu, wameniwekea mpya. Atakayepatikana ataozea ndani. Naapa."

Hapo, baba, ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Sentensi nilikuwa nayo: ni mimi, mzee, saa ni ile ile. Lakini nilielewa mara moja kwamba nilichokwangua kilikuwa ndicho chenyewe anachokipenda, na hakirudi. Kazi yangu ilikuwa nzuri kiasi kwamba aliidhani ya kiwandani. Nikajiambia nitasema akipoa.

Ijumaa walikuja askari wawili. Walianza na Mama Sekela kwa sababu yeye huingia kabla yetu, na ufunguo wa kabati nilikuwa nauacha kwenye droo ya meza yangu. Mimi Mzee aliniamini.

"Ufunguo wa ofisi unao?"

"Ninao. Nitafagiaje nikiwa barabarani?"

"Na ndugu yako yuko Saza kwenye dhahabu?"

"Kaka yangu anauzia wachimbaji maji. Saa ya namna hiyo ataifanyia nini, kupimia ndoo?"

Askari mmoja alicheka. Mzee hakucheka.

"Nani mwingine aligusa kabati?" askari wa pili akamuuliza.

Mama Sekela akanitazama. Hakunikazia macho, baba, wala hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni apite kwanza. Alisubiri. Mimi nikainamia meza, nikagonga muhuri kwenye karatasi ambayo tayari ilikuwa na muhuri.

"Mimi nafagia tu," akasema. "Aliyegusa atasema mwenyewe."

Wakaondoka naye. Wanasema kesho Jumatatu watampeleka mahakamani.

Jana nilikutana na binti yake, Sekela, anatoka kumpelekea chakula. Nilitaka kugeuza njia akawahi kunisalimia. "Shikamoo kaka. Mama anakusalimia. Anauliza kama umekula." Nikasema nimekula. Sijala tangu Ijumaa.

Ukweli ni rahisi, na ni mimi tu ninayeweza kuuonyesha. Mzee hafungui saa zake, anasema kuzifungua ni kuzivunjia heshima, na ufunguo wa kifuniko uko chini ya godoro langu. Kifuniko kikifunguliwa mbele ya askari, wataiona namba ile ile ambayo Mzee ameiandika kwenye karatasi yake ya kumbukumbu, na alama za mafundi wa zamani. Wataona hakuna kilichoibwa. Mama Sekela atatoka. Wataona pia alama yako, na watauliza ni ya nani. Nisamehe kwa hilo. Nilikuweka humo kwa fahari, na sasa nimekuingiza kwenye kesi ya kuharibu mali ambayo sisi sote tukiuza mpaka vitanda hatuwezi kuilipia.

Nimekwenda kituoni mara mbili. Jana nilifika hadi kwenye ngazi, nikajifanya namtafuta dereva. Leo baada ya ibada nilifika mlangoni kabisa. Askari wa zamu akaniuliza, "Kijana, una shida gani?" Nikasema nimepotea njia. Mimi, ninayeshinda naelekeza malori.

Sikuandikii ili uniambie cha kufanya. Jibu lako nalijua, na ningelijua hata kama ungekuwa bubu. Nakuandikia kwa sababu barua hii nikishaikabidhi kwenye basi jioni hii, kutakuwa na mtu mmoja duniani niliyemwambia, na sitaweza tena kujiambia kwamba nimepotea njia. Kesho saa moja Mzee anafungua ofisi. Nataka nimkute mlangoni na ufunguo mkononi, twende kituoni pamoja kabla hawajamtoa Mama Sekela kwenda mahakamani.

Nisalimie mama, bibi aliye kitandani, shangazi mwenye cherehani, na mdogo wangu wa chuo cha ualimu. Wape salamu za kawaida, kana kwamba nimepiga simu na nina afya.

Sasa sikiliza namna ya kunipata. Usipige namba yangu, maana simu huenda ikawa mikononi mwa wengine. Usiandike kwa anwani ya ofisi. Andika mistari michache tu, uikabidhi kwenye basi la Arusha–Tunduma linapopita hapo Babati, wakuandikie risiti. Juu ya bahasha usiweke jina langu. Andika "Mama Sekela, mfanya usafi, Tunduma," na namba ya simu ya binti yake, niliyoiandika nyuma ya karatasi hii. Barua za basi huku mwenyewe ndiye huzifuata na kusaini, hawampi mtu mwingine. Isipofuatwa kwa wiki moja, humrudishia aliyetuma.

Mama Sekela akisaini, ujue yuko nje na mimi nilisema. Yeye atajua nilipo, na kama ataona vyema atakueleza. Lakini bahasha ikikurudia mkononi haijafunguliwa, basi usinitafute kwa njia nyingine yoyote, baba, mpaka nikutafute mimi.

Mwanao,
Elia