Rasmi Kiasi

Jumatatu, 3 Machi

Wameniita! Ijumaa, saa nne asubuhi, ofisi ya bima. Kazi ya mapokezi: kupokea simu na wageni kwa lugha mbili. Mimi! Mimi ambaye simu ikiita naitazama mpaka ikate yenyewe.

Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi nikasema "sawa". Nilitafuta furaha humu ndani, nikakuta kumetulia kama maji ya mtungi. Ni wiki kadhaa niko hivi. Kama mguu uliokufa ganzi — unajua ni wako, ila ukiugusa ni kama wa mtu mwingine.

Lazima niipate. Miguu ya Mama inavimba, na msimamizi wao pale kwenye ukumbi wa sherehe anakohudumu kamwambia mhudumu asiyeweza kusimama si mhudumu, mwisho wa mwezi tutaona. Nikikosa, tunahamia kwa Mjomba. Mjomba ana roho nzuri, lakini wema wake huwa anautangaza kwa kipaza sauti.

Mwisho wa ujumbe wameandika: "Mavazi: rasmi kiasi."

Kiasi gani?

Jumanne, 4 Machi

Binamu kaja, yule mtoto wa Mjomba. Anauza mitumba, kwa hiyo kwenye mambo ya nguo hashindwi na mtu. Kasema jinzi nyeusi, blauzi ya njano, basi. Siku hizi hata mabosi wanavaa raba. "Ukienda umevaa kama wa mazishini, watakuzika na wewe."

Mama: "Njano hiyo? Anakwenda ofisini au anakwenda kuuza juisi?"

"Shangazi, dunia imebadilika."

"Imebadilika, ila bado inatazama kola."

Wakanigeukia wote wawili. Eti mwenyewe wasemaje? Nikasema zote nzuri. Ndivyo nisemavyo siku zote.

Jumatano, 5 Machi

Mama kanitolea sare yake ya kazini. Ile mpya — sketi nyeusi, blauzi nyeupe ya kola ngumu, kizibao cheusi. Nyumba hii haina nguo rasmi kuliko hiyo. Anasema kaivaa mbele ya madaktari, mbele ya maharusi, mbele ya watu wa benki, na hakuna hata mmoja aliyemtazama vibaya.

Nadhani hakuna aliyemtazama kabisa. Sikusema.

Halafu yakaanza mafunzo, pale kati ya kochi na meza. Visigino pamoja. Mikono nyuma. Simama karibu na ukuta, usizibe njia. Usiongee mpaka uulizwe. Usimpe mgeni mgongo. Na kubwa kuliko yote: usikae wakubwa wakiwa na vikombe mkononi.

Nikamwambia, Mama, kwenye usaili watu huwa wanakaa.

"Wakikaribishwa. Na ukikaribishwa, usirukie kiti kama una njaa nacho. Ngoja wakukaribishe mara ya pili. Hapo wanajua huyu kalelewa."

Nikajitazama kwenye kioo cha kabati. Alikuwepo Mama, mwembamba zaidi, bila trei. Nilijua pale pale! Naliandika hapa kwa kuwa siwezi kulisema: nilijua watanidhania mhudumu, na nikanyamaza. Mama alikuwa amepiga magoti na miguu ile ile, pini mdomoni, ananipunguzia pindo. Mtu aliyepiga magoti mbele yako utamwambia nini?

Nilingoja nisikie aibu. Au huruma. Hazikuja.

Alhamisi, 6 Machi

Mama kaenda kazini na sketi kuukuu, ile iliyochakaa nyuma mpaka inang'aa. Nzuri imetundikwa mlangoni, yangu. Nimeipiga pasi. Nikaipiga tena.

Binamu katuma ujumbe. Jinzi ipo, njoo uichukue, mambo ya kola mwachie Shangazi.

Sijajibu.

Ijumaa, 7 Machi

Naandikia hapa hapa koridoni. Nikiandika watu hawanisemeshi. Ila watu wenyewe wameshaondoka, nimebaki peke yangu na chupa ya chai.

Nianze mwanzo. Nilifika mapema. Meza ya mapokezi haina mtu — si ndiyo kazi yenyewe! — kwa hiyo sikuwa na wa kumwambia nimefika. Viti vilikuwepo. Kijana mmoja wa suti, lebo ya dukani inaning'inia kwenye mkono. Dada mmoja wa jinzi, anacheka na simu kama yuko kwao. Mimi nikaenda ukutani. Visigino pamoja, mikono nyuma. Pembeni yangu meza ndogo, vikombe, chupa, sukari. Sikuichagua. Ndipo ukuta ulipokuwa wazi.

Wakaingia mmoja mmoja, wakatoka, wakaenda zao. Kisha baba mmoja wa miwani akachungulia, akaniangalia, akatabasamu.

"Dada, tuletee chai basi, tunakufa humu."

Neno moja tu lingetosha. Samahani, mimi si. Lakini ulimi uliganda. Mikono haikuganda! Ilibeba trei, ikafungua mlango kwa kiwiko, ikaanza kumimina kutoka kulia bila tone kudondoka. Watu watatu: wa miwani, mama mmoja mnene ambaye ndiye mkubwa wao, na kijana wa kompyuta. Wakaendelea kuongea kana kwamba chai inajimimina.

Eti yule wa suti majibu kayakariri. Eti yule wa jinzi kamwita mkubwa "besti", hapo wakacheka sana. Na wa tatu? Mama mnene akasema wa tatu hajatokea. Wa miwani akahamia ile lugha ya darasani, nadhani kwa ajili yangu, nisielewe. Akasema watu wa mtaa ule, yaani wetu, ukiwaona saa nne wako macho, mshukuru Mungu.

Chai ikavuka ukingo wa kikombe. Ikanipata kidole gumba. Niliiona, sikuisikia.

Nikasema, kwa lugha ile ile aliyotumia, "Nimefika tangu saa tatu. Sukari unatumia?"

Sikupanga! Haikuwa hasira hata. Ilikuwa sauti ya Mama ya kuulizia sukari, basi.

Kijana wa kompyuta akapaliwa na chai. Wa miwani akawa mwekundu wa masikio. Mama mnene akanitazama, kola, kizibao, viatu, tena uso. Akaniuliza jina. Nikamwambia. Akalikuta kwenye karatasi yake, akasukuma kiti kwa mguu.

"Haya, keti."

Na mimi nikangoja anikaribishe mara ya pili.

Wote watatu walikuwa na vikombe mkononi. Nikasimama. Akanitazama. Nikasimama tu, na chupa yangu, nimejikaza kisabuni. Nilimwona anakunja uso. Kumbe kadhani nimesusa! Mama hakunifundisha la kufanya wasiporudia.

"Sawa," akasema taratibu. "Basi utusubiri nje kidogo."

Mama katuma ujumbe sasa hivi. Wamekusifia?

Kidole kimekuwa chekundu mpaka kwenye kiungo. Kinauma. Kilianza kama kuwasha, sasa kinauma kweli, mpaka machozi yanatoka, na siyafuti kwa sababu mkono mwingine unaandika. Nataka kazi hii. Naitaka! Nimelisema kwa sauti, hapa koridoni, peke yangu kama mwehu.

Ndani wanabishana. Simsikii mama mnene, namsikia wa miwani tu, anasema "lakini", "lakini".

Mlango umefunguka kidogo. Ni yule wa miwani. Hanitazami usoni.

"Unaweza kuingia."

Chupa iko hapa miguuni. Hajasema niingie nayo au —