Chuma cha Juu ya Kichwa

Jumapili, jioni

Na bado wananiuliza kama chuma changu kilikatika! Hakikukatika. Hakikuwepo.

Nilichomelea mwenyewe ule upinde wa chuma wa kukinga kichwa, juu ya kiti cha kagari ka mashindano ka Bosi, kale kasiko na paa, kichwa cha dereva kiko nje kabisa. Ijumaa Bosi akakaleta karakana, hapa mtaa wa Asiatique. Kesho yake mwanawe alikuwa anaoa, na Bosi alitaka kijana aongoze msafara wa harusi ndani ya kagari hako.

"Fundi, ondoa hiyo chuma. Kwenye picha sura yake haitaonekana."

"Na mashindano ya Jumapili?"

"Utairudisha. We fundi ao apana?"

Hakukarudisha kagari karakana. Leo kamefika mashindanoni Kibenga maua ya harusi bado yamefungwa, wakashindana hivyo hivyo. Gurudumu la gari lililotangulia likachomoka, likampiga dereva wetu, Elvis, kwenye kaske aliyovaa kichwani. Yuko hospitali, hajafungua macho.

Mama yake alinishika mkono. "Fundi, si ulisema umemuwekea kinga?"

Namlaani Bosi tangu mchana. Lakini aliyekata ni mimi. Tena nikapiga msasa pale kilipokuwa, ili picha zitoke nzuri.