Ukurasa wa Tatu

Jumatatu, 3 Novemba
Boksi la baridi. Mirija sita. Boda anasubiri kwenye geti la hospitali. Wiki iliyopita foleni ya magari Msimbazi iliniulia sampuli mbili. Seli za kinga hazivumilii. Damu ikichelewa kufika maabara, nachungulia maiti kwenye hadubini. Nimechoka kuhesabu maiti.

Mgonjwa wa leo ni Mama Ndeshi, muuza masweta ya shule wa Kariakoo. Masweta yangu yote tangu darasa la kwanza yalitoka dukani kwake. Saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya pili. Inatibika kwa mionzi, na tarehe yake ya kuanza ni 8 Desemba. Mimi simtibu. Natafuta tu kujua kwa nini seli za kinga huchoka na kuuacha uvimbe ukue.

Fomu ya ridhaa ina kurasa tatu, na mgonjwa lazima asomewe zote. Nilisoma mbili. Boda akapiga honi. Mama Ndeshi akasema, "Hetal mwanangu, wewe si mtu baki. Lete kalamu."

Nikampa. Damu imefika ikiwa hai.

Alhamisi, 6 Novemba
Seli zake zimeamka. Nimeziweka pamoja na seli za saratani tunazozikuza maabara, zikazishambulia. Profesa anayenisimamia alikuja kuangalia mwenyewe. Nimefurahi kama mjinga.

Jioni nilipita dukani, nikamwamkia, nikamwambia seli zake bado zinapigana. Haikuwa kazi yangu kumwambia. Alinifungia jozi mbili za soksi nyeupe na kumtangazia mteja kwamba huyu binti wa Kihindi wa Mchafukoge ndiye daktari wake. Nikacheka. Soksi nikachukua.

Jumatano, 19 Novemba
Damu ya pili. Alipandisha mkono wa gauni kabla sijamwambia. Amepungua. Anasema anajisikia afadhali tangu nianze kumtoa damu. Nikaitikia tu huku naandika namba kwenye mirija. Nilitaka minane. Akatoa minane.

Jumatatu, 24 Novemba
Foleni tena. Sampuli ya mgonjwa mwingine imekufa njiani. Nyumbani mama kaniwekea chapati na dengu. Sikula. Seli za Mama Ndeshi tu ndizo zinazonibeba.

Jumatano, 10 Desemba
Nilipita idara ya mionzi kumsalimia Mama Ndeshi. Hayupo kwenye orodha. Nesi anasema alikuja mwenyewe wiki iliyopita, akaomba nafasi yake apewe mwingine. Amepewa. Inayofuata ni 12 Januari.

Nilitembea kwa miguu mpaka dukani. Sikumbuki nimepita wapi. Alikuwa anafunga maboksi ya kwenda kwao Rombo. Kila Desemba hufunga duka akaenda. Asipoonekana kwao Krismasi, ukoo mzima utauliza anaumwa nini, na hajamwambia mtu zaidi ya binti yake. Nikamuuliza mionzi je. Akaniuliza mionzi ya nini, wakati dawa ameshaanza kwangu. Alidhani damu ninayomtoa ndiyo yenye ugonjwa. Alidhani zile seli nazilisha, na kwamba Januari zikishapata nguvu nitamrudishia.

Nikamwambia ukweli. Mbele ya rundo la masweta ya bluu nikamwambia kwamba sijamtibu hata siku moja.

Akakaa juu ya boksi. "Kwa hiyo ulikuwa unachukua tu," akasema.

Nikajibu ndiyo.

Alhamisi, 11 Desemba
Nimeomba kila mlango. Nafasi hakuna. Wote walio kwenye orodha ni wagonjwa kama yeye, nimtoe nani?

Nimeusoma ukurasa wa tatu peke yangu. Mstari wa kwanza: utafiti huu si matibabu. Wa pili: usiache wala kuahirisha matibabu yako kwa sababu ya utafiti huu. Nina hasira na boda, na Msimbazi, na Rombo. Uongo. Nina hasira na mimi.

Jumamosi, 13 Desemba
Ameondoka na basi la asubuhi. Simu hapokei.

Alhamisi, 25 Desemba
Kariakoo imepoa, maduka ya Wachaga yote yamefungwa. Nimemtumia Mama Ndeshi ujumbe wa heri ya Krismasi. Ameusoma. Hajajibu.

Jumatatu, 12 Januari
Amekuja kwa kiti cha magurudumu, Ndeshi binti yake anasukuma. Figo zote mbili zimeziba. Mapafu yana madoa. Mionzi atapewa, lakini ya kupunguza maumivu tu. Si ya kuponya tena.

Daktari wa zamu ananiambia huenda ugonjwa ulishasambaa tangu Novemba, vipimo havikuuona. Ni mtu mwema. Simwamini.

Nilimwamkia Mama Ndeshi. Akaitikia marahaba. Hakusema mwanangu.

Jumanne, 13 Januari
Nimemweleza Profesa yote. Hakunigombeza, na hilo ndilo limeniumiza. Amesema ridhaa isiyosomwa si ridhaa. Taarifa iende kamati ya maadili. Na mimi niende nikamsomee upya, aamue mwenyewe kama seli zake zibaki au ziondoke. Bila zile seli, tasnifu yangu haina kitu. Nimeona aibu kwamba nililiwaza hilo kwanza.

Alhamisi, 15 Januari
Wodini. Ndeshi alitoka nje nilipoingia. Nilianza ukurasa wa tatu. Mama Ndeshi alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala, nikanyamaza.

"Soma," akasema.

Nikasoma mpaka mwisho, polepole. Dakika nne. Nilitazama saa, sijui kwa nini. Dakika nne tu.

Akauliza kama seli zake bado zipo. Nikamwambia zipo, zimegandishwa, zimelala. Kalamu nilikuwa nayo mkononi. Hakuiangalia.

"Zimwage," akasema.

Ijumaa, 16 Januari
Asubuhi nimetoa mirija yake yote kwenye friza. Ningeweza kuimwagia klorini vilevile ilivyoganda. Nikaiyeyusha kwanza. Nikaweka tone kwenye hadubini, nikahesabu kama ninavyohesabu siku zote.

Karibu zote zilikuwa hai.

Nikaandika idadi kwenye daftari, nikamimina klorini, nikasubiri nusu saa kama inavyotakiwa. Kisha nikaosha meza.