Kofia Ndogo ya Pikipiki

Mama wa binti yangu,

Sisi huku wazima, yaani mimi na lori. Breki zimetengenezwa, mgongo ndio bado unauma. Magari ya watu nayafikisha bila mkwaruzo, ila mambo yangu mwenyewe yamenishinda.

Juzi nilishusha magari matatu mjini kwenu. Kama kawaida, nikateremsha pikipiki yangu, ambayo huifunga nyuma ya mzigo ili nisizunguke kwa miguu, nikaja hadi mlangoni kwenu. Nilibeba kofia niliyomnunulia binti yetu mwaka ule mlipoondoka. Miaka yote imekaa kwenye lori, naipangusa vumbi tu.

Akafungua msichana mrefu mwenye macho yako, karibu anifikie kimo.

“Shikamoo, mzee. Unamtafuta nani?”

Nikaificha kofia nyuma ya mgongo. “Marahaba. Naulizia kituo cha mafuta.”

Akanielekeza vizuri, akasimama kunitazama nisije nikapitiliza kona. Umemlea vyema.

Tangi lilikuwa limejaa, lakini nilienda hukohuko alikonielekeza.

Usimwambie yule mzee alikuwa nani.

Ni mimi,
mwenye lori