Binti Yangu Amegawa Kila Kitu

Kaka, sikia yaliyonikuta leo.

Nimefika chuoni kumwona binti yangu, nakuta chumba kitupu. Kagawa nguo, vitabu, hata ile meza niliyomchongea mwenyewe!

Ananiambia, "Baba, nimejifunza kutoshikamana na vitu." Mimi mjinga nikamsifu. Nikamsifu, kaka!

Mwenzake wa chumbani akanivuta kando. "Mzee, kagawa mpaka viatu. Anasema hana faida kwa mtu, hatavihitaji tena."

Hatavihitaji!

Nikarudi, nikamuuliza waziwazi, "Mwanangu, unataka kufa?"

Akajibu, "Nimechoka, baba."

"Na mimi umenigawa kwa nani?"

Akaangua kilio.

Tuko mlangoni kwa daktari wa chuo. Nimemshika mkono kama mtoto anayevushwa barabara, na siuachii.