Kwa Mwanne, Aliyewaimbia Askari Majina ya Mama Zao

Mwaka umetimia, Mwanne wetu, tangu tukusindikize makaburini, na mtaa wetu wa Bwiza, hapa Bujumbura, bado haujazoea ukimya wako. Hata mafundi wa gereji ya mumeo Yahaya wakisikia sauti yako redioni huweka spana chini. Wewe uliimba hata ulipokuwa ukikaanga mukeke! Ukitusikia tunaimbia puani ulitugombeza, kisha ukatupa kipande kikubwa cha samaki.

Leo tuna habari ya kukupa. Binti yako Houda ndiye aliyeipokea mlangoni, na tangu siku hiyo hana raha mpaka uambiwe.

Wakati wa vita jeshi lilikuwa likija kukuchukua na bendi kwa lori, mkawatumbuize askari kambini, kule milimani. Mjini, mtu akitaka atajwe kwenye wimbo hutoa noti. Kambini ukaanzisha desturi yako: ulipita kati yao, ukamuuliza kila mmoja jina la mama yake, ukaliimba. Askari wazima walifuta macho kwa mikono ya shati.

Siku moja ukamuuliza na kijana aliyekaa chini, penye ukuta wa jiko. Ulidhani ni askari aliyepewa adhabu. "Raihana wa Rumonge," akajibu. Ukalipaza jina hilo kwa sauti yako yote, ndipo ukaona mikono yake imefungwa kwa nyuma. Alikuwa mateka, mwasi wa porini, na kambi nzima ilijua kwamba kesho haioni.

Mdogo wako Ilyasi, aliyekuwa na gitaa, anasema aliacha kupiga. Afande, mkuu wa kambi, alisimama.

"Unajua huyu ni nani?"

"Apana, afande. Mi najua mama yake tu."

"Imba tena. Hiyo jina utoe."

"Nimeisha kuiimba, afande. Siwezi kuimeza."

Mkono wa afande ulikuwa kiunoni, penye bastola. Nawe ukauanza wimbo upya na Raihana akiwamo. Afande akageuka, akaondoka. Mlipopakiwa kwenye lori, kijana alikuwa bado pale ukutani.

Hofu haikukutoka tena. "Labda mi ndo nimemumaliza," ulituambia. "Pengine wangemusahau pale chini." Kila harusi na kila wimbo uliorekodi, ukamtia Raihana wa Rumonge, mpaka watu wakamtania Yahaya kwamba mkewe ana mfadhili wa siri. Ukiwa jukwaani macho yako yalizunguka nyuso za watu, ukimtafuta yule kijana. Tulikuonea huruma, na dawa hatukuwa nayo.

Ulipofariki, redio ilipiga nyimbo zako. Arobaini yako ilikuwa imepita tu, bibi mmoja mwenye mkongojo akapiga hodi.

"Ni hapa kwa ule mama aliimbaka jina yangu?"

Houda akaushika mlango. "We ni nani, bibi?"

"Mi ni Raihana. Nilijisikia ku redio. Tulikaa sana ukimbizini Tanzania, hatukujua ni nani aliimba. Mutoto wangu alirudi, mwanangu. Walimufungua asubui. Soldat mumoja alimwambia: mutu tumeisha kujua mama yake, nani atamupiga risasi? Kimbia!"

Houda alilia mpaka mgeni ndiye akawa wa kumbembeleza. Alilia kwa furaha, na kwa uchungu kwamba bibi alichelewa, nawe ukaondoka na mzigo ambao haukuwa wako.

Basi tulia, Mwanne. Kijana alifika kwao.

Tunaokukumbuka ni mumeo Yahaya, binti yako Houda, mdogo wako Ilyasi, wajukuu zako na majirani wote wa Bwiza. Na mwaka huu kuna mmoja aliyetuomba tumwandike pamoja na ndugu: dada yako, Raihana wa Rumonge.

Daima utaishi mioyoni mwetu.