Wifi Kaniletea Raketi ya Kaboni, Nami Nimesingizia Mkono

Mpendwa Mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi kwa sababu nimejifunga mwenyewe na sioni pa kufungulia. Mimi ni mtumishi wa halmashauri hapa Isikizya, nacheza mpira wa meza, na mwenzangu katika mchezo wa wawili wawili ni wifi yangu Julieth, dada wa mume wangu Masolwa, na Jumamosi inachaguliwa jozi ya wanawake ya kwenda mashindano ya watumishi, nayo ni moja tu. Raketi yangu ni ya ubao mtupu wa kipande kimoja, paina iliyokauka vizuri, alinichongea fundi wa mizinga ya nyuki kule Ipole na raba nikabandika mwenyewe, si urithi wala kumbukumbu ya mtu, naipenda kwa sababu mpira ukigusa nausikia mpaka kiganjani na najua utatua wapi. Julieth akiiona husema, "Wifi, huo mwiko utaurudisha lini jikoni?" nami humjibu, "Siku utakayojua kusonga ugali," tunacheka, hatujawahi kugombana.

Mwezi uliopita akarudi kutoka Dar na raketi ya kaboni, akanikabidhi sebuleni mbele ya mama mkwe na akina mama wa kanisani, nikapiga magoti nikaipokea kwa mikono miwili, vigelegele vikapigwa, sasa hapo ningesema nini? Mazoezini mpira ukawa unaruka kama umeungua, kila nikizuia unapita meza, nikamwona Julieth anakunja uso, nikashindwa kusema ni raketi, nikasema mkono unaniuma. Tangu siku hiyo mama mkwe ananikanda kwa maji ya moto kila jioni, "Tulia mwanangu, mshipa huu umekaza," Julieth ananifulia nguo za mtoto, na Jumapili iliyopita nikaitwa mbele ya kanisa wakauombea mkono ambao hauna kitu. Nikicheza na kaboni tutashindwa na Julieth ataikosa safari kwa ajili yangu, nikicheza na ubao wangu atajua nimeikataa zawadi yake na mama atajua nimemdanganya. Masolwa nimemweleza, amecheka, anasema, "Mimi simo, malizaneni wenyewe." Nifanyeje?

Mwenye mkono mzima, Isikizya

*

Marahaba, na pole, ila ni pole ya hofu, si ya mkono. Umechanganya mambo mawili, moja halina kosa na jingine lina kosa.

Raketi haina kosa. Nimekaa kando ya meza nyingi za mkoa huu nikiandika habari za michezo, na nimeona kaboni ikimfaa mtu anayeshambulia. Wewe kwa maelezo yako ni mzuiaji. Sheria haikatazi ubao mtupu, mradi uwe bapa, mgumu, na raba ziwe zinazokubalika. Mwombe kocha wenu azikague mapema. Tena kumbuka katika mchezo wenu mnapiga kwa zamu. Mpira wako wa polepole ndio unaowalazimisha wapinzani kuunyanyua, na Julieth akaupigilia. Ukiupeleka kwa kasi utarudi kwa kasi, na ukirudi zamu si yako, ni yake.

Kosa ni mkono. Umemwacha mama wa watu achemshe maji kila jioni kwa ajili ya mshipa usio na neno, na wifi yako afue nepi akidhani anakupunguzia maumivu. Yote hayo kwa sababu ulipiga magoti. Kupokea kwa magoti ni shukrani. Hakuna nyumba Unyamwezini ambako shukrani ni kiapo cha kushindwa mechi.

Leo jioni, kabla mama hajabandika sufuria, mfuate akiwa peke yake umwambie, "Mama, mkono hauumwi. Niliogopa kusema raketi inanishinda, nikasingizia." Uishie hapo. Akinyamaza, mwache anyamaze, na usitoke kumlilia Masolwa. Amesema hayumo, mwamini.

Jioni hiyohiyo nenda kwa Julieth, asije akasikia kwa mama. Usimwambie raketi yake ni mbaya, maana si mbaya. Mwambie imekushinda, kisha mwombe mcheze mbele ya kocha, mchezo mmoja kwa kaboni na mmoja kwa ubao, na mumsikilize kocha bila kubishana naye. Zawadi hairudishwi. Itakaa kwenye begi lenu iwe akiba ya Julieth, kwa sababu katikati ya mechi raketi haibadilishwi ila ikiharibika, na mshambuliaji kama yeye ndiye anayeigonga ya kwake kwenye ukingo wa meza.

Atakasirika kidogo, ana haki. Mfulie na wewe. Siku akiuita tena ubao wako mwiko, ujue yameisha.

Usinijibu kwamba utasema baada ya Jumamosi. Mkishinda wewe ukiwa umenyamaza, Jumapili utaitwa tena mbele ya kanisa, safari hii kutoa ushuhuda wa uponyaji, na atakayekushika mkono huo kukupeleka ni mama mkwe wako.